Fatma wa Juu, Fatma wa Chini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayeyajua yaliyomo vifuani kabla hayajaandikwa popote, na anayesitiri aibu za waja wake ilhali anaziona zote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na sahaba zake. Ninamshukuru Mola kwa macho yanayosoma bado, kwa mkono usiotetemeka sana, na kwa subira, maana kazi yetu bila subira ni kelele tu.

Vijana wa chumba cha rekodi, siku mliponiaga kwa sambusa na hotuba ndefu, mliniomba niwaandikie niliyoyaona. Mmoja wenu alitaka pia kujua nilivyopanda vyeo. Sikupanda vingi, na hivyo vichache havina kisa. Nitawaeleza habari za hofu, kwa kuwa hofu ndiyo iliyonifundisha kazi hii kuliko semina zote nilizokalishwa.

Nilianza katika chumba cha kadi cha hospitali, hapa hapa kisiwani, nikiwa kijana wa mtaa wa Kuze mwenye hati nzuri ya mkono na si mengi zaidi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Wekesa, mkubwa wa chumba kile, mtu wa bara, Mkristo aliyekuwa akifunga siku nyingi kuliko Waislamu kadhaa niliowajua. Akanipeleka kwenye rafu, akachomoa kadi moja, akaniuliza, "Hii ni nini?"

"Ni kadi ya mgonjwa, Mzee."

"Hapana. Ni mtu aliyevuliwa nguo. Ishike hivyo. Macho chini, mkono mwepesi, na umfunike upesi."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba ukikutana na kadi ya mtu unayemjua, mpe mwenzako aishughulikie. Kwa mtu wa Kuze hiyo ilikuwa taabu, kwani nusu ya rafu walikuwa ama jamaa zangu ama majirani wa jamaa zangu. Nilishinda nikipeana kadi na wenzangu kama mtu anayegawa karata. Lakini niliishika sheria ile, na Mzee Wekesa alipofariki niliishika zaidi.

Miaka ya tisini ilipoingia, zikaja kompyuta. Ya hospitali iliwekwa katika chumba chenye kipoza hewa, nasi makarani tukawa tunatafuta sababu za kuingia mle, hasa mwezi wa Februari. Aliyeiendesha alikuwa Mutua, kijana kutoka Ukambani, mpole, mcheshi, aliyeamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kuandikwa katika kisanduku chenye nafasi ya herufi ishirini. Zahanati nazo zikaanza kupata za kwao. Katika zahanati moja karani aliifukiza kompyuta mpya kwa udi na ubani, kuitakia baraka. Moshi ulipotulia, disketi zilizokuwa mezani hazikusomeka tena. Mutua alipoelezwa sababu alikaa chini kwanza.

Basi mradi mmoja wa afya ya umma ukataka kujua jinsi hospitali, zahanati za misikiti na za makanisa, na kliniki nyinginezo za kisiwani zinavyopeana habari za wagonjwa kwa njia ya kompyuta. Mgonjwa wa kifua kikuu akiondoka kwa huyu akaenda kwa yule, habari zake zinamfuata, au yeye anakwenda na kikohozi chake na habari zinabaki? Kazi ya kuzunguka na kuuliza nikapewa mimi. Sababu, nadhani, ni kwamba nilijua kutembea na nilijua kunyamaza.

Vyombo vyangu vilikuwa ubao wa kuandikia, kalamu mbili za biki, na mkebe wa biskuti. Mkebe ulikuwa wa kubebea disketi. Hewa yetu ya chumvi huziotesha ukungu, kwa hiyo niliweka ndani kifuko cha mchele mkavu unywe unyevu. Mutua alicheka, akauliza kama nazi inakuja baadaye. Mwisho wa mvua za masika disketi zangu zilisomeka na zake hazikusomeka, naye akaja kuomba mchele.

Niliyoyaona katika kuzunguka huko yalinitisha mapema. Mahali pamoja karani alikuwa akipokea majina ya wagonjwa kwa simu, na ili ahakikishe amesikia vizuri, aliyarudia moja moja kwa sauti kubwa, na benchi la watu wanaongoja liko mbele yake limenyamaza kimya linasikiliza. Mahali pengine niliuliza, "Kadi za karatasi mkishaziingiza kwenye kompyuta, mwazifanyani?" Nikaambiwa, "Twatupa." Nikenda Kibarani, kwenye jaa, nikakuta kadi zimetapakaa baina ya makaratasi na maganda, na kadi moja imekunjwa mfano wa faneli kwa kufungia njugu. Ilikuwa na jina la mtu, na ugonjwa wake, na chumvi ya njugu juu yake. Nilikusanya nilizoweza nikazichoma pale pale, huku pua nimeifunga kwa kilemba. Ripoti yangu kuhusu jambo hilo ilikuwa na mstari mmoja. Sikujua niandike nini zaidi.

Kabla sijaingia katika kisa chenyewe, yafaa mjue mambo mawili.

La kwanza ni gari jeupe. Wakati ule watu walikuwa wakiuchanganya ugonjwa wa kifua na ule ugonjwa mwingine uliokuwa ukitisha nchi nzima. Ukisikika unakohoa, ulikuwa umeshahukumiwa yote mawili. Mgonjwa mmoja wa mtaa wa Bondeni, kijana mwenye nyumba yenye heshima, aliacha dawa, na afisi ya mradi ikapeleka gari lenye maandishi ubavuni likasimama mlangoni kwao mchana kweupe. Waliambiwa hayupo. Siku ya pili tuliambiwa amesafiri. Muda si muda tukasikia amefia ugenini, na waliomuuguza hawakujua walikuwa wakiuguza nini. Sikulisahau gari lile, wala kishindo cha mlango wake.

La pili ni mguu wangu. Baada ya miezi ya kuzunguka na ubao na mkebe, watu walianza kutazama ninapokwenda. Nilikwenda kumjulia hali rafiki yangu aliyeteguka mguu, na kabla ya alasiri mkewe akaulizwa dukani, "Kwenu nani ana kifua?" Barazani wenzangu walinifanyia mzaha. "Khelef, tafadhali, pita upande wa pili wa njia. Nina binti wa kuoza." Nilicheka nao. Lakini nilikwisha kuelewa kwamba nikigonga mlango wa mtu, nimemtangaza.

Sasa kisa chenyewe. Majina nitakayoyataja si yao, wala nyumba siyo ile, kwa hiyo msijisumbue kwenda Kuze kutazama watu madirisha.

Afisi na zahanati zote zilikuwa zimekubaliana kanuni moja ya kumtambua mtu katika kompyuta mbili: jina lake, jina la ukoo, na nyumba anamokaa. Vitatu hivyo vikilingana, ni mtu mmoja. Sote tuliona yatosha. Siku moja nilikuwa katika zahanati moja ya hisani upande wa Bondeni, nikiuliza maswali yangu, na karani wa pale alitaka kunionyesha jinsi mambo yalivyonyooka.

"Tazama hapa, Mzee Khelef. Zamani huyu tungemhesabu mara mbili."

"Nani?"

"Msichana wa Kuze. Alikuja na kikohozi, tukapima makohozi, yakaonyesha vidudu. Kumwingiza kwenye kompyuta, disketi ya hospitali yasema huyu tayari ametumia dawa na amemaliza. Basi aliporudi kuchukua majibu tukamwambia aende zake kwa amani, hana kitu, maana kwetu hayo yalikuwa mabaki tu."

"Naye alisema nini?"

"Alisema al-hamdulillahi. Alifurahi mno."

Nikatazama kioo cha kompyuta. Fatma Athman, na jina la nyumba.

Nyumba ile naijua tangu utoto. Ni ya ghorofa, na ndani yake walikaa ndugu wawili, watoto wa mzee Athman, mmoja juu na mmoja chini. Mama yao alikuwa Bi Fatma, Mungu amrehemu. Na kama ilivyo desturi yetu ya kufufua majina ya wazee, kila mmoja wa ndugu wale alipopata binti wa kwanza alimpa jina la mama. Mtaa haukupata shida. Mmoja ulimwita Fatma wa Juu, na mwingine Fatma wa Chini, na hata mtoto anayetumwa chumvi alijua ni yupi. Nao wenyewe, wakiulizwa jina mbele ya karani, walitaja kama watajavyo watu wa huku, jina lao na la ukoo, basi. Kompyuta haikuwa na juu wala chini. Kwake walikuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo mmoja alikuwa amepona, na mwingine amerudishwa nyumbani na vidudu kifuani, akimshukuru Mungu.

"Sura yake waikumbuka?" nikamuuliza karani.

"Alivaa niqabu, Mzee. Niliona macho. Macho yalikuwa mazuri."

Miaka ya Fatma wale wawili ilikaribiana, wala hapakuwa na jina la baba katika kadi yoyote. Na zito zaidi ni hili: Fatma wa Chini alikuwa akisomesha chuo cha Kurani. Chumba cha mbele cha ile nyumba, upande wa chini, kilijaa watoto kila alasiri, wamebanana mikekani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi na kelele za njia, wakisoma kwa sauti mbele ya uso wake. Mmoja wa watoto wale alikuwa Saumu, mjukuu wangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista Kadzo. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua hospitalini, Mgiriama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, Mkristo wa kusali kwelikweli. Kwake wagonjwa walikunywa dawa mbele ya macho yake, na ole wake aficheye kidonge shavuni.

"Namkumbuka," alisema. "Alikuja miezi mingi, hakukosa siku. Hakuniambia yuko juu wala chini, na mimi siulizi watu ngazi zao. Lakini uso wake naujua. Alikuwa akifunua uso nikifunga mlango."

"Basi ukiwaona wote wawili, yule usiyemjua ndiye mgonjwa."

"Ndiye. Na nitawaonaje, Bwana Khelef? Daktari wa mradi sina budi kumwambia kuna mgonjwa amepotea. Naye atasema Jumatatu gari liende."

"Gari likenda tutapata nyumba tupu."

"Nalijua hilo. Bondeni nilikuwamo ndani ya gari." Akakunja mikono. "Wewe ni mtu wa mtaa. Fikiri."

Kufikiri kwenyewe kulikuwa vigumu. Mimi kwenda siwezi. Hata ningejifanya nampeleka mjukuu, ningeishia kwenye pazia, maana ndani ni wanawake tu, na huku nje baraza nzima ingeuliza Khelef kafuata nini. Kumwambia mke wangu siwezi, kwani siri ile ilikuwa amana si yangu.

Jioni ile tulikuwa tunakula, Saumu akakohoa. Niliinuka na bakuli mkononi.

"Una nini wewe?" mke wangu akasema. "Mtoto kapaliwa na pilipili, wamtazama kama umeona jini."

Nikakaa. Tangu hapo kila kikohozi ndani ya nyumba kilinipiga mgongoni. Nilitaka kumzuia Saumu asiende chuoni, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini niliona kwamba nikimzuia yeye peke yake, nimeichukua siri niliyopewa kwa ajili ya watu wote nikaitumia kuokoa wangu, na watoto wa wenzangu nimewaacha mkekani. Tena mtaa ungeuliza kwa nini mjukuu wa Khelef haendi chuoni, na jibu ungejitungia wenyewe. Kesho yake alasiri Saumu akachukua juzuu yake, akavaa mtandio, akatoka. Nilimsikia akikimbia uchochoroni huku akijisomea. Nilisali alasiri yangu na sikumbuki nilisoma sura gani. Namwomba Mwenyezi Mungu aikubali hivyo hivyo.

Faraja ilikuja na dada yangu, Bi Zuhura, aliyekuja kunilalamikia. Alikuwa akimwoza bintiye, na mwenzake wa kualika alikuwa anaumwa magoti.

Wageni wa bara wanaosoma haya pengine hawaijui desturi hiyo. Kwetu wanawake hawaalikwi arusini kwa kadi. Hupita waalikaji wawili, nyumba kwa nyumba, wamevaa mabuibui yao. Hawasemi mlangoni. Huingia, hukaa, huonja kitu, na humtaja kila mwanamke wa nyumba ile kwa jina lake, mkubwa na mdogo. Asiyetajwa hakualikwa, na huenda asikusamehe hadi kaburini. Na hakuna mtu barazani anayejiuliza waalikaji wamefuata nini. Wamefuata kualika.

Nikamwambia, "Mchukue Sista Kadzo."

"Nani? Yule Mgiriama wa hospitali? Kaka, una homa? Watu watasema Zuhura amekosa jamaa, anaalikiwa na wauguzi."

"Ni rafiki yangu wa kazi, na mimi ni mjomba wa bibi arusi. Nataka awe katika arusi hii. Mnaanza Kuze, au sivyo?"

Dada yangu amenilea tangu mama alipofariki, na uso wangu anausoma kuliko mimi ninavyousoma msahafu.

"Buibui lake liko wapi?" akauliza.

"Hana."

"Nitamwazima la marehemu shangazi. Alikuwa na mwili kama ule."

Sista Kadzo nilipomweleza aliangua kicheko, kisha akauliza, "Mchungaji wangu akiniona?"

"Hatakuona. Ndiyo faida ya buibui."

Niliyabakisha maneno mengine moyoni, na siku ya kualika nikabaki afisini na Mutua, ambaye kila nilipoinuka aliniuliza kama natafuta choo.

Yaliyotokea alinieleza Sista Kadzo mwenyewe. Walipita nyumba kadhaa kwanza. Alisema hajapata kunywa kahawa na sharubati nyingi vile tangu kuzaliwa, na kwamba chini ya buibui la shangazi alikuwa akitokwa na jasho kama mwizi. Walipofika kwa kina Athman waliketishwa ukumbi wa chini. Zuhura akaanza kualika: mama mtu, mke wa kaka, wifi, mtoto aliyezaliwa juzi. Kisha akasema, "Na Fatma wa Juu, na Fatma wa Chini, wote wawili mwatakiwa, siku ya kumpamba bibi arusi na siku ya bwana arusi kuingia. Wako wapi niwaone na macho yangu?"

Fatma wa Juu akashuka na sinia la kahawa. Alipomwona aliyekaa kando ya Zuhura, vikombe vikagongana vyote kwa pamoja.

Sista Kadzo alimtazama kama mtu asiyemjua. "Masha-Allah, binti huyu!" akasema, neno alilojifunza njiani. "Sijapata kukuona, mwanangu. Waitwa nani?"

"Fatma," akajibu, na sinia likatulia.

Basi wa Juu ndiye aliyepona. Na kabla yule mwingine hajatoka chumba cha mbele kusalimia, Sista alimsikia ng'ambo ya ukuta, akisomesha watoto, anakata aya katikati, anakohoa, anaendelea. Alisema hakuhitaji kuuona uso.

Sista alipoomba maji ya kunawa, Fatma wa Juu alimfuata uani na birika.

"Sista, umenijia mimi?"

"Wewe umepona. Nani akohoa mle ndani?"

Msichana akaanza kulia, maji yakimwagika miguuni. Yeye ndiye aliyemtuma nduguye akapimwe, tena akamtuma zahanati ya mbali ili wawili wasionekane mlango mmoja. "Wakamwambia hana kitu. Tukasali rakaa mbili za shukrani, Sista. Mimi na yeye."

"Ana kitu. Nasi tutamtibu kama ulivyotibiwa wewe, na kama hakuna aliyejua la kwako, hakuna atakayejua la kwake. Kesho mtakwenda kununua vitambaa vya arusi. Mtapitia kwangu."

Wakenda. Fatma wa Chini akaanza dawa siku ile ile, na Jumatatu gari likabaki uani pa afisi, limefungwa. Chuo kilifungwa kwa sababu ya arusi, na baada ya arusi ikafuata Ramadhani, na Ramadhani chuo hakifunguliwi. Mola hupanga. Dada yangu hakuniuliza neno. Mwaka mzima baadaye, tukichambua mchele, alisema tu, "Mimi sikukuuliza, kaka. Uliona kuwa sikukuuliza?" Nikamwambia niliona.

Lakini hofu yangu ilikuwa haijesha, kwa kuwa watoto walikwisha kukaa mbele ya kikohozi kile. Daktari wa mradi alitaka wapimwe, na alikuwa na haki. Tatizo likarudi pale pale: ukipima chuo kimoja, umekitaja. Sista Kadzo akamwambia mbele yangu, "Tupime vyuo vyote vya Mji wa Kale, au tusipime hata kimoja."

"Unajua ni vingapi?" daktari akauliza.

"Bwana Khelef avijua. Anatembea."

Ikawa hivyo. Wauguzi walipita chuo baada ya chuo kabla ya Ramadhani, hata kile kilichofungwa kwa arusi watoto wake wakaitwa, wakipima uzito, wakichungulia koo, wakipiga ile sindano ndogo ya mkononi ambayo baadaye hutazamwa kama pamevimba. Wazazi walialikwa, wakaelezwa ugonjwa wa kifua ni nini na kwamba unatibika, na mtaa ukaona ni jambo la serikali kama mengine. Watoto wachache walivimba, wa vyuo mbalimbali.

Mmoja wao alikuwa Saumu.

Sijui alipatia wapi, wala sikuuliza. Picha ya kifua ilionyesha doa dogo, na daktari akasema atatumia dawa miezi kadhaa na atapona inshallah. Nikasimama dirishani pa kliniki ya kifua, upande ule ambao sikupata kusimama maishani mwangu, na msichana karani akaniuliza jina la mtoto. Benchi lilikuwa nyuma yangu. Nilihisi macho yao shingoni. Nilinong'ona jina lake, la babake, la babuye, la baba wa babuye, na la mama yake, na ghorofa tunayokaa.

Sista Kadzo akatoa kichwa mlangoni. "Bwana Khelef, hiyo ni kadi au ni nasaba ya sultani?"

"Mwambie aandike, Sista."

Akaandika yote. Na kanuni mpya ikawa hiyo: jina la mtu, la baba, la babu, na la mama. Mutua alilazimika kuongeza visanduku, akanung'unika kwamba watu wa Pwani hawatoshi ndani ya kompyuta.

Wiki ile disketi ilipotoka hospitali kwenda zahanati, ndani yake alikuwamo mjukuu wangu. Niliichukua, nikaiweka katika mkebe juu ya mchele. Nilikuwa nimebeba mkebe ule miaka, chini ya kwapa, huku nikisalimiana na watu njiani. Safari ile niliushika kwa mikono miwili, na sikusimama popote hadi nilipomkabidhi karani mwenyewe.

Baada ya Idi, Sista Kadzo aliniambia kwamba makohozi ya Fatma wa Chini yamepimwa tena na tena, ni safi, na kwamba anaweza kusomesha huku akimalizia dawa zake. Chuo kikatangazwa kufunguliwa. Lakini minong'ono haikosi, na mtu aliyekonda huonekana. Alasiri ya kwanza watoto hawakutoka majumbani. Mama walichungulia madirishani, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie. Barazani wenzangu walikuwa wamekaa kama kawaida, lakini mazungumzo yalikuwa machache.

Nilimwambia Saumu avae mtandio. Nikamshika mkono, nikatoka naye. Sikuwahi kumpeleka chuoni hata siku moja, alikuwa akienda na wenzake, kwa hiyo njia nzima iligeuza shingo. Nilijua ninabeba nini katika ule mguu wangu.

"Khelef," mmoja akaniita, "leo mguu wapi?"

"Nampeleka mjukuu wangu kwa mwalimu wake."

Tulifika mlangoni. Saumu alivua viatu, akavipanga, akainua pazia, akaingia. Nilisimama pale njiani, juani, watu wote wakiniona, mpaka nikaisikia sauti ya Fatma ikianza Bismillahi, haikatiki, na sauti ndogo ikiifuata. Nyuma yangu dirisha moja la juu likafunguka na mama mmoja akamkemea mwanawe, "Wewe wangoja nini? Mwenzio ashaingia!"

Saumu amepona zamani, sasa ananipita urefu. Fatma wote wawili wameolewa, na wa Chini ndiye aliyenipa ruhusa kuandika haya, akaniagiza niseme kwamba bado hajawahi kunywa kahawa chungu kama ile ya siku ya kualikwa.

Wanangu, hofu ile haijanitoka, nami simwombi Mungu aniondolee. Iwekeni karibu na mashine zenu mpya. Na wewe uliyefika mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya ya kifua na ya moyo, akulinde wewe na watoto wako, akusitiri duniani na akhera kama utakavyowasitiri waja wake, na siku jina lako litakapoangukia mikononi mwa mwingine, liangukie katika mikono miepesi. Amin.